Kifungio cha Kufunga Mwenyewe

Bulugu alikuwa amekaa kwenye kiti cha lori kilichong'olewa, nje ya duka la vipuri la Bi Swabaha pale Lusahunga. Mkanda ulimzunguka tumboni, macho kayafumba, vidole vinahangaika. Madereva wawili waliacha chai yao wakawa wanamtazama yeye.

"Hiki hapana, Mama," alisema. "Kinataka nguvu ya kidole gumba. Nipe kingine."

Bi Swabaha akampa kingine. Havikuwa vya malori hivyo. Vilikuwa vifungio vya mikanda ya ndege ndogo, halisi, na karatasi zake. Abbasi, kaka yake Bi Swabaha na fundi wa ndege huko Mwanza, alivituma kwa basi ili Bulugu achague. Kesho yake alfajiri angefika Ngara mwenyewe kukifunga kitakachochaguliwa. Lakini jamani, tangu asubuhi mtu anachagua kifungio! Kuna watu wamechagua mke kwa muda mfupi zaidi.

Haki yake, lakini. Mkewe Kwandu alikuwa amejifungua mtoto wa kiume Mwanza, mtoto wao wa kwanza, na Jumamosi angepewa jina. Baba asipokuwepo, jina lingetolewa na wajomba. Na wajomba walishaamua: mtoto aitwe jina la babu yao mmoja ambaye uvivu wake ulisifika mpaka Geita. Bulugu akifikiria hilo alikosa usingizi.

Ndege ilikuwepo kiwanjani Ngara, ya viti viwili, ya shirika la kupeleka dawa visiwani, na ruhusa ilishapatikana. Tatizo lilikuwa wasafiri wenyewe: Bulugu na mama mkwe wake. Kwao, Wasukuma wa kule ndani, hao wawili hawagusani, hata mkono hawapeani. Wazee walikaa kikao kizima juu ya jambo hilo, wakaruhusu wakae bega kwa bega, mradi mto uwekwe katikati. Kugusana, hapana.

Wiki iliyopita walijaribu. Wakapanda, mto ukawekwa, na kifungio cha kiti kimoja kikagoma. Mmoja alitetemeka kwa woga asiweze kukifunga, mwenzake akageukia dirishani kwa adabu. Wa kuwasaidia alikuwa mchunga mbuzi tu, naye alikuwa ng'ambo ya bonde. Wakashuka, safari ikavunjika.

Bi Swabaha aliuliza kwa nini wasipande basi kama watu wengine. Bulugu akaeleza kwamba Mama Nshoma, mkwewe huyo, alishatamka: yeye anakwenda kwa ndege, na mkwe anayeona aibu kukaa naye akatafute ukwe kwingine. Kwandu naye alipiga simu kusema hayo hayo, kwa ukali zaidi.

"Basi nimeelewa," Bi Swabaha alisema kwa huruma. "Ndege si mchezo kwa mtu asiyeizoea. Haya, rubani, jaribu hiki."

Bulugu akakohoa, akakipokea.

Kilikuwa cha kubonyeza, kipana kama kiganja. Bi Swabaha akamwambia afumbe macho tena, maana mwenye woga hatazami. Kisha atetemeshe mikono, ili waone kama mikono ya namna hiyo itakiweza. Bulugu akatetemesha. Akatetemesha vizuri hasa, mpaka jasho likamtoka kwenye paji la uso, na madereva wakacheka wakisema maskini bibi wa watu, anaigizwa hadharani.

Kifungio kikalia ka! Wakamvuta mkanda kwa nguvu, mmoja huku, mwingine kule, hakikuachia. Akakibonyeza kwa kidole kimoja, kikafunguka. Bulugu alifurahi karibu amkumbatie muuzaji.

"Hiki," alisema. "Hiki hata mtu akiwa amezimia anajifunga."

Kesho yake, kwenye kiwanja cha Ngara, Abbasi alikikaza, akakikagua mara mbili, akapanda bodaboda kwenda zake kunywa chai mjini. Wasafiri wakapanda, kila mmoja kwa mlango wake. Mto ukawekwa. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mkanda ukapapaswa, ukatafutwa, ukapotea chini ya kiti, ukaonekana. Ikapita dakika ya mateso.

Ka!

"Nimefunga, Mama," Bulugu alisema, macho bado kayafumba.

"Haya, mkwe," Mama Nshoma akajibu, akavaa miwani yake ya jua, akawasha injini, akairusha ndege.