Mtani Yuko Chini

Ngumi ya Masolwa ilimpata mpinzani wake, Mzaramo kutoka Dar, barabara kidevuni. Ukumbi mzima wa michezo ukasimama. Mapambo ya harusi ya jana yalikuwa bado yananing'inia kwenye goli la kikapu.

"Moja! Mbili!" mwamuzi akaanza kuhesabu.

Mzaramo hakujisumbua kuinuka. Alijinyoosha chali, akakunja mikono yenye glavu kifuani kama maiti, akafumba macho.

"Hapa pazuri," alisema. "Siamki mpaka Wanyamwezi mnikomboe."

Watu wa Tabora wakaangua kicheko, kisha wote wakamgeukia Masolwa. Tangu enzi za misafara ya biashara ya kwenda pwani Mzaramo ni mtani wao. Mazikoni hulala hata kaburini, na hatoki mpaka apewe kitu.

"Masolwa!" shangazi yake alifoka kutoka kiti cha mbele. "Mtani yuko chini, na wewe umesimama tu?"

"Shangazi, hizi ni ngumi! Nimeshashinda!"

"Sita!"

"Unataka waseme kwetu hatuna adabu?"

Masolwa aliutazama mkanda wa ubingwa unavyometameta mezani. Akamtazama shangazi. Akaenda kwenye kona yake, akaibana chupa yake ya asali kwa glavu mbili kama mtu aliyeshika sufuria ya moto, akaja kuitua taratibu kifuani mwa mtani.

"Nane!"

Mzaramo akafumbua jicho moja.

"Asali ya Sikonge hii?" akauliza.

Kwenye tisa alikuwa amesimama, ngumi juu.