Chembe Zilizoganda Kisimani

Mjamzito asiye na chembe bandia za kinga katika damu hazalishwi hospitalini, ndiyo sheria. Chembe hizo humiminwa katika kila kisima. Hata hivyo, dada yangu Mwanasiti, mwenye mimba ya miezi minane, amekataliwa.

“Hanywi maji yetu,” alisema mkaguzi.

“Anakunywa! Kisima chetu kina chumvi, na chumvi huzigandisha chembe kwenye mawe. Mlizijaribu katika maji matamu ya ziwani. Kosa letu ni lipi?”

“Binti, chuo kimekujaza maneno.”

Nilirudi nyumbani. Mwanasiti alikuwa ameinama kisimani, akikwangua jiwe kwa kisu na kulamba unga wake.

“Usinitazame hivyo, mdogo wangu. Mjamzito gani hali udongo?”

Mkono wake ulipochoka alininyooshea kisu, nami nikakipokea.