Wali wa Kwanza wa Piyali

Mkwe wangu alipomvua mjukuu wangu Piyali ili amwogeshe, aliingiza vidole chini ya uzi mweusi wa kiunoni. Mwezi uliopita uzi huo ulimwachia mtoto alama. Leo vidole vitatu vilipita.

"Mama, huyu anapungua."

"Anarefuka tu," mke wangu alijibu, macho kwenye ungo wa dengu. "Mnyonyeshe zaidi."

"Nanyonyesha usiku kucha! Ana miezi tisa, maziwa peke yake hayamtoshi. Daktari alisema chakula aanze kwenye sita."

"Kwani daktari ndiye mjomba wake? Wali wa kwanza hulishwa na mjomba. Atarudi kutoka Doha."

"Kila mwezi tunaambiwa anarudi, Mama. Hajafika bado."

Nilikaa, nikanyanyuka, nikakaa tena. Mkwe wangu alinitazama. "Baba, nawe umenyamaza?"

 Mkwe wangu alifunua sufuria, akachota wali kidogo, akauponda kiganjani kwa kidole gumba. Mvuke ulipanda. Piyali alijinyoosha mzimamzima, akifungua na kufumba kinywa.

"Thubutu!" mke wangu alisema.

Mkono wa mkwe wangu ulisita hewani. Piyali akaudaka kwa mikono yote miwili, akauvuta.

Nilikwenda kufunga mlango, majirani wasione.

Nyuma yangu ungo ulianguka, dengu zikatawanyika sakafuni.

"Una mabonge huo, utamkaba mtoto," mke wangu alifoka. "Lete hapa niuponde!"