Sweta Limehamia kwa Mama

Jua la saa saba lilikuwa likichoma bati, na mama mtu amekaa mlangoni ndani ya sweta la sufu, mikono kaificha kwapani.

Sweta lenyewe lilikuwa la bintiye. Wenzake kule kwa dobi walimbandika jina la Barafu, maana alishinda na pasi ya moto mkononi na bado akitetemeka. Walimcheka mpaka basi. Daktari alipompima alisema tezi ya shingoni imelegea kidogo tu, haijafikia kupewa dawa, arudi mwakani.

"Kidogo tu?" mama alikuja juu. "Dada yangu naye aliambiwa kidogo tu. Moyo ukamzimikia jikoni, mwiko mkononi!"

"Mama nawe! Mwenye tezi mbovu ni wewe. Meza dawa zako, mimi niache."

Mama hakubishana tena. Ila tangu siku hiyo akawa anamwamsha bintiye na glasi ya maji kabla ya chai, utadhani mtoto wa chekechea.

"Mbona yana ukungu?"

"Bomba letu hulijui? Kunywa, yasafishe tumbo."

Barafu alikunywa ili mambo yaishe. Na mwili ukachangamka, jamani! Baridi ikamtoka, unene ukapungua, akawa anapiga pasi huku akiimba. Akajisifu kwamba kapona mwenyewe bila kidonge. Sweta akalitupa kwenye kiti, mama akaliokota.

Mama ndiye aliyeharibika. Uso ulimvimba, sauti ikakwaruza, na kutoka chumbani hadi chooni ilibidi apumzike njiani. Barafu, ambaye kila mwezi alimchukulia dawa mwenyewe, alishikwa na wasiwasi.

"Mama, unazimeza kweli?"

"Zinaisha au haziishi?"

"Zinaisha."

"Haya basi."

Asubuhi moja Barafu alichelewa kuamka. Alipiga mafunda mawili ya maji yake, akaiacha glasi kando ya kitanda na kutoka mbio. Kabla ya chakula cha mchana jirani alimfuata kazini, analia.

"Ni moyo, umemzimikia," daktari alimwambia hospitalini. "Dawa ya tezi alikuwa anameza?"

"Kila siku, daktari."

"Hapana, dada. Mwili wa anayemeza hauwi hivi. Huyu ameacha siku nyingi."

Hasira zilimpanda Barafu hata machozi yakagoma. Nyumbani alipekua chini ya godoro, nyuma ya kabati, akamwaga hata ndoo ya taka sakafuni.

"Umezitupa wapi, mama? Umeniacha peke yangu kwa ubishi tu?"

Hakuona hata kidonge kimoja. Alijitupa kitandani kwake, koo limemkauka, akainyakua glasi yake ya asubuhi.

Maji yalikuwa yametulia, hayana ukungu tena. Chini kabisa ulikuwa umelala unga mweupe.