Balozi wa Chumba cha Nyuma

Asubuhi hiyo mwanamke alimpitishia mumewe chai dirishani, katikati ya nondo, kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa na kuning'inizwa shingoni. Majirani walikuwa wameshaambiwa kwamba aliteleza jikoni. Kikombe kiligonga nondo, chai ikamwagika kwenye kisahani, na mume akaguna.

"Wakikuuliza, hujui kitu," alisema mume. "Umenisikia?"

Alikuwa amesikia. Mke aliona udongo bado umemganda kwenye kucha zake mwenyewe, akaingiza vidole mfukoni haraka.

Majirani walimwita mumewe Balozi, kwa sababu aliishi nchi ya nje bila kutoka nyumbani kwake. Mpaka wa nchi mbili ulipita katikati ya korido yao, mstari mweupe wa rangi waliouchora askari wenyewe. Sebule na jiko vilikuwa nchi hii. Chumba cha nyuma, pamoja na kitanda, kilikuwa nchi ya pili. Watu walicheka wee: mke anapika huku, mume analala ughaibuni. Kisha Balozi akampiga mlinzi wa ghala mpaka jicho likapofuka, akakimbilia kitandani kwake, na kicheko kikaisha.

Mara tatu sajenti alikuja na pingu. Mara tatu alisimama kwenye mstari, ncha za buti zikiugusa, kwa maana kuna askari aliyewahi kuvuka hatua mbili tu kwingineko, na mawaziri wakaandikiana barua mwaka mzima. Polisi wa nchi ya pili walikuwa mbali, na jicho la mlinzi wa huku halikuwahusu. Balozi alikuwa akimpungia sajenti mkono kutoka kitandani na kumkaribisha chai.

Leo nchi zote mbili zilikuwa zimetuma wapima ardhi kuhakiki nguzo za mpaka, moja baada ya nyingine. Nguzo ikibaki ilipo, Balozi ataendelea kula na kulala raha mustarehe. Ikisogea, atatoka na pingu. Hakukuwa na jambo la tatu, na mwanamke alilijua hilo.

Alijua na jingine. Miaka sita iliyopita Balozi mwenyewe aliing'oa nguzo ile ya zege uani, nyuma ya nyumba, akaisimika ubavuni mwa nyumba, ili mizigo yake ya magendo ipate pa kulala. Yeye mkewe ndiye aliyemshikia taa. Hajawahi kumwambia mtu.

Wapima walikuwa wawili: wa huku, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, na wa nchi ya pili, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Walichimba chini ya nguzo ya ubavuni huku mzee akimweleza sajenti kazi yao. Wapima wa zamani hawakuwa wajinga, alisema. Chini ya kila nguzo walizika chupa, mdomo chini, bila kuwaambia wenyeji, ili siku mtu akiihamisha nguzo, chupa itoe ushahidi.

Walichimba mpaka magotini. Udongo mtupu.

"Hamna chupa," alisema yule wa nchi ya pili. "Tusipoipata, nguzo inabaki ilipo. Ndivyo tulivyokubaliana."

Dirishani, Balozi alicheka taratibu.

Alfajiri ya siku hiyo mwanamke alikuwa amechimba uani, pale nguzo ilipong'olewa, akitafuta alama yoyote iliyobaki. Chupa aliiona kwa macho yake, akairudishia udongo kwa mkono mmoja. Sasa alikuwa amesimama juu yake, chini ya kamba ya nguo, na miguu ilikataa kuondoka.

Mzee alifuta miwani. Nyasi zilikuwa zimeota ua mzima, isipokuwa pale chini ya miguu ya mwanamke.

"Mama, hapo umefukia nini?"

"Taka tu, baba!" alijibu kwa sauti kubwa mno, macho dirishani. "Taka za jikoni!"

"Hebu sogea kidogo."

Hakusogea. Mzee aliutazama ule mkono uliofungwa, akamtazama usoni, akarudia ombi lake kwa upole. Hapo alisogea hatua moja, ndogo kama ya mtoto anayejifunza kutembea, akafumba macho. Koleo lilizama kirahisi. Mara ya tatu likagonga kioo.

Wapima walilala kifudifudi, wakapima, wakapima tena, kisha kila mmoja akatia saini kwenye karatasi ya mwenzake. Mpaka ukarudi nyuma ya nyumba, hatua tisa, na kitanda cha Balozi kikawa nchi hii.

"We mwanamke!" Nondo za dirisha zilitikiswa kwa nguvu, kisha zikaachwa. Baada ya hapo walisikia mlango wa chumba ukipigwa kwa ndani, kishindo baada ya kishindo, mbao zikilia.

Sajenti aliingia ndani na askari wawili. Kwenye mstari mweupe alisita kwa mazoea, halafu akauvuka. Mwanamke alimfuata nyuma, akatoa mfukoni ufunguo wa kufuli.

"Nimemfungia tangu alfajiri, afande," alisema. "Fanyeni haraka. Juzi mlango wa jikoni aliuvunja kwa bega moja tu, na mimi ndiye niliyekuwa nimejifungia ndani."