Kuku wa Fundi Saa

Fundi saa alivaa lenzi jichoni, akashika kibano, akamwinamia kuku. Ngozi ilishatoka yote, lakini chini ya paja aliona chembe ya mafuta imejibanza. Akabana pumzi, akaing'oa kama anavyong'oa kutu ndani ya saa ya mkononi.

"Baba watoto," mkewe aliita kutoka sebuleni, "huyo kuku unampika au unampasua?"

"Mgonjwa haulizi maswali. Mgonjwa analala."

Maisha yake yote hakuwahi kuchemsha hata maji ya kunyolea ndevu. Alisoma shule ya jioni mpaka akapata cheti, akakariri miji mikuu ya nchi ambazo hatazifikia; jiko tu ndilo asilolisomea. Siku ya kwanza alitupa kitunguu kwenye sufuria kavu, maana mafuta yalikuwa marufuku, akasubiri kilainike. Kikawa mkaa, na sufuria ikaishia jalalani. Siku ya pili alimchemsha samaki mpaka samaki akapotea, ikabaki miiba. Siku ya tatu alipika wali, wakaukata kwa kisu.

Lakini kukata tamaa asingeweza. Maneno ya daktari yalikuwa bado yanamgonga kichwani.

Ilikuwa wiki sita nyuma. Mkewe alilalamika tumbo, akaomba asindikizwe hospitali kupimwa. Akasema pia anaogopa sindano. Fundi akakunja shati, akatoa damu yake kwanza ili kumwonyesha kuwa haiumi, ingawa iliuma. Walipofuata majibu, daktari, binti wa umri wa wajukuu wake, alivua miwani.

"Mafuta yamejaa kwenye damu," alisema. "Mishipa ya moyo imeanza kuziba. Mambo yakiendelea hivi, sijui kama mwaka utaisha salama. Sasa, mgonjwa wetu..."

Fundi hakumwacha amalize. Hakuwa na desturi ya kumwacha mtu amalize. Alishatoa daftari na kalamu.

"Taja vyakula, mwanangu. Nitampikia mwenyewe, kwa mikono hii."

Daktari alimtazama mama. Mama alitikisa kichwa taratibu.

"Wewe mtajie tu, daktari. Huyu akishika jambo, haliachi."

Akatajiwa: kuku bila ngozi, samaki wa kuchemsha, maharage, mboga, matunda. Vya kukaanga, mwiko. Aliandika vyote kwa mwandiko wa kulala, akapigia mstari kila neno. Walipofika nyumbani aliingia bafuni, akafungulia bomba ili asisikike, akalia. Miaka arobaini na minne waliishi pamoja, na hakujua hata chumvi inakaa wapi.

Basi akajifunza. Aligundua kuwa kitunguu hukubali kulainika kwa vijiko vitatu vya maji, mfuniko ukiwa juu. Kwamba nyanya, tangawizi na ndimu humsahaulisha samaki kuwa hakukaangwa. Kwamba boga la mvuke halitaki mpishi hodari, linataka mpishi asiyelisahau motoni. Kila ugunduzi aliuandika daftarini na tarehe yake, kana kwamba boga lilikuwa halijawahi kupikwa duniani.

Mgonjwa alikuwa na sharti moja: hatakula peke yake.

"Chakula cha kula peke yangu hakishuki," alisema. "Kaa hapa, tule wote. Na usinidanganye kwa kijiko kimoja."

Fundi akakaa. Nyama za kukaanga alizokuwa akinunua kila mchana karibu na kibanda chake aliziacha. Angewezaje kurudi nyumbani akinuka mafuta, mbele ya mwanamke anayepigania moyo wake? Suruali zikaanza kumvuka. "Kuuguza si mchezo," aliwaambia wateja, huku akitoboa tundu la tatu kwenye mkanda.

Kilichomtia hofu ni kwamba mkewe hakubadilika. Wiki ya tano ikapita, mashavu yaleyale, mwendo uleule. Labda kuna mafuta yanayompita machoni. Labda anamuua taratibu, kwa upendo na kwa mwiko. Ndiyo maana siku ile alileta lenzi na kibano jikoni.

"Mbona hupungui, mama watoto?"

"Nikipungua utanijuaje? Pakua, njaa inauma."

Kesho yake walikwenda tena hospitali. Fundi alikuwa wa kwanza kutoa damu, kama mara ile, kwa ajili ya kumtia moyo mwoga. Majibu yalipotoka aliingia kwa daktari amemshika mkewe mkono, kama mtu anayemvusha barabara.

"Sema kweli, mwanangu. Kama hali ni mbaya, asilaumiwe huyu. Alaumiwe mpishi."

Daktari alimsogezea karatasi. "Soma mwenyewe, mzee."

Kusoma! Fundi alivaa miwani, akakohoa, akasoma kwa sauti ya darasani, kidole kikitembea chini ya maneno. Mafuta ya damu: yameshuka. Sukari: ya kawaida. Ini: salama. Alipofika hapo, aliiweka karatasi chini. Akapiga meza kwa kiganja.

"Umepona! Mama watoto, umesikia? Umepona!"

Mkewe alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka.

"Mzee," daktari alisema, "umeruka mistari ya juu."

Fundi alikunja uso. Hakuna aliyewahi kumwambia kuwa ameruka mstari. Akapandisha kidole mpaka kichwa cha karatasi, akasoma, kwanza kwa sauti, halafu polepole, halafu kwa midomo tu:

"Jinsia: mwanamume. Kazi: fundi saa."