Kopo la Rangi Nyekundu

Kabla daktari wa mifugo hajafungua kopo la rangi nyekundu, Mama Malkia alikuwa ameshapanga viti uani. Majirani wote aliwaita, waje washuhudie mbuzi wa wifi yake akipakwa alama ya kuchinjwa.

Jina la Mama Malkia lilitokana na mbuzi, si mtoto. Malkia alikuwa jike la maziwa, kiwele chake kinajaza ndoo, na mwenye mbuzi alijivuna kama vile kiwele ni chake yeye. Kila mwanambuzi aliyezaliwa zizini, awe wa mama yupi, alinyweshwa kwanza maziwa ya Malkia.

"Ubora unanyonywa," alipenda kuwaambia watu, "hauokotwi jalalani."

La jalalani lilikuwa dongo kwa wifi, dada wa mumewe. Mwaka juzi Malkia alizaa watatu, na wa mwisho akatoka kama panya aliyenyeshewa. Mama Malkia akamtupa nje ya zizi hata kabla hajanyonya, asije akawamalizia wenzake maziwa. Wifi akamwokota, akamlea kwa chupa na maziwa ya ng'ombe ya kuchemsha. Mtaa ulicheka hadi ukachoka. Mama Malkia akambandika mbuzi huyo jina la Kimbaumbau.

Kisha magoti ya mbuzi zizini yakaanza kuvimba, leo huyu, kesho yule, ugonjwa usio na dawa. Mama Malkia hakuhitaji kupiga ramli. Kikulacho ki nguoni mwako, alisema, jicho kwa wifi. Siku daktari alipochukua damu ya mbuzi wote, alimbana mbele za watu aahidi kwamba atakayekutwa nao hatabakizwa.

"Hata akiwa wa ndugu, daktari. Ugonjwa hauna huruma, na mimi vilevile."

Sasa majibu yalikuwa yametoka. Daktari akachovya brashi, akaenda moja kwa moja kwa Kimbaumbau, aliyefungwa peke yake kwenye nguzo ya jiko. Viti vikasogezwa mbele. Akampapasa magoti, akamgeukia wifi.

"Huyu hakunyonya kabisa?"

"Hata tone hakupewa."

"Basi mshukuru aliyemnyima. Ugonjwa huu unanyonywa."

Akaingia zizini. Akaanza na Malkia, akafuata mabinti zake, kisha wajukuu, kisha waliobaki, na rangi ikaisha kabla ya mbuzi. Majirani hawakuondoka, viti walikuwa wameshawekewa.